Usiniombe vipimo vyangu

Tangu Jumamosi simu yangu haijatulia. Vazi langu la plaiwudi lilipata nafasi ya kwanza kwenye maonyesho ya wabunifu vijana huko Nairobi, picha zikasambaa, na sasa kila nikifungua ujumbe nakuta ombi lile lile. La karibuni limetoka kwa kijana wa Malindi: "Shikamoo dada. Nataka kutengeneza kama lile lako. Nitumie vipimo nikakate."

Marahaba, mdogo wangu. Vipimo sikutumii, na si uchoyo.

Kwa ambaye hajaliona, ni vipande bapa 32 vilivyopachikana kwa mikato, yaani nafasi nyembamba zilizokatwa ndani ya kila kipande, bila gundi wala msumari. Linakaa mabegani kama mbavu zilizotoka nje ya mwili. Mbele limebana, mgongoni limetanuka karibu mita moja. Linaonyesha ile nafasi inayokuzunguka, ambayo mtu akiingia bila idhini mwili wako unajikunja kabla hata hujawaza.

Mwaka jana nilipeleka vazi jingine kwenye maonyesho hayo hayo. Lilikuwa la duara kamili, sentimita 45 kila upande. Namba hiyo niliitoa kwa Edward T. Hall, mwanaanthropolojia wa Marekani aliyeandika mwaka 1966 kwamba umbali wa watu wa karibu sana huishia hapo, kisha umbali wa kibinafsi unaendelea hadi kama mita 1.2. Nikaichukua kama aya. Sikusoma mbele kidogo tu, ambapo Hall mwenyewe anasema vipimo vile alivipata kwa Wamarekani wa tabaka la kati, wengi wao wenyeji wa kaskazini-mashariki ya nchi yao. Mimi ni mtoto wa Langoni, Lamu!

Na kupachika kwenyewe nilikosea. Nilikata mikato kwanza, nikapaka rangi baadaye, rangi ikaongeza unene, vipande vikagoma kuingia. Usiku wa kuamkia maonyesho nikaichonga mikato kwa tupa, kwa pupa. Asubuhi, mbele ya majaji, niliinua mkono wa kulia nisalimie na upande mzima ukaporomoka miguuni pangu. Jaji mmoja akasema, "Hii ni fanicha iliyovunjika." Watu wakacheka. Sentensi ile nimelala nayo mwaka mzima, na hata leo, baada ya ushindi, bado naisikia.

Nilirudi nyumbani na gunia la vipande. Mokowe, gati la bara la kuvukia kwenda Lamu, nikaingia botini. Mlikuwa mmejaa, nimebanwa bega kwa bega na mama mmoja na mwanawe, goti la mzee limegusa langu, magunia ya vitunguu mgongoni. Katikati ya maji nikashtuka kwamba sioni dhiki yoyote. Nairobi, mtu mmoja akinihemea kisogoni kwenye foleni ya matatu, siku yangu yote imeharibika. Hapa wananibana wanane na moyo umetulia. Duara langu la sentimita 45 lilikuwa la nani, basi?

Kazi ilianzia hapo. Nilisimama katikati ya ua, nikamwomba binamu yangu anijie polepole kutoka pande nane. Pale mwili ulipoanza kujivuta nilisema "hapo", naye akaweka alama ya chaki. Mbele ilikuwa sentimita 60. Kulia 35. Kushoto, 50. Nyuma alipiga hatua mbili tu nikageuka: alama ilikuwa sentimita 110. Tulirudia mara tano na umbo lilikuwa lile lile, kama yai lililolalia mgongo wangu. Nilipoliona lile yai la chaki sakafuni nilikaa chini. Kila foleni ya Nairobi ilikuwa imeandikwa pale.

Kisha bibi akatoka jikoni kuangalia tunachezea nini, akanijia moja kwa moja, akapita chaki zote, akanishika kidevu. Sikusema "hapo". Ndiyo maana mbele, upande wa kushoto, vazi langu lina mwanya usio na mbavu.

Bibi ndiye aliyenisimulia habari za shiraa, ambayo naye aliisikia kwa wakubwa wake: kwamba zamani mwanamke wa kiungwana wa Amu, yaani Lamu, akitoka alitembea ndani ya kitambaa kikubwa kilichosimamishwa kwa vijiti, kama hema linalokwenda. Nilikuwa nahangaika na michoro ya ng'ambo, kumbe mji wangu ulishalifikiria jambo hili kabla sijazaliwa, uzuri wake na uzito wake, maana mara nyingi waliovishika vile vijiti walikuwa wajakazi.

Mfano wa kwanza niliutengeneza kwa katoni za friji na kuuvaa hadi Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu. Kwenye kichochoro cha pili punda akaja na shehena ya mchanga, kijana nyuma yake anapiga kelele, "Simile! Simile!" Sikuwa na pa kupishia. Mbavu tatu za kushoto zilikunjika ukutani. Mzee aliyekaa barazani akaniambia kwa upole, "Mwanangu, ndiya ni ya wote." Ndiya kwetu ni njia. Kwa ajili ya neno hilo mbavu za kando za vazi la sasa zinachomoka kwa mkono mmoja, na ukishapita unazirudisha.

Ufundi wa kupachika nilifunzwa na ami yangu, seremala wa milango. Pima unene halisi wa plaiwudi, usiamini ulioambiwa dukani: rundika vipande kumi, pima vyote, gawa kwa kumi. Paka rangi kwanza, pima, ndipo ukate. Kila mkato ufike nusu ya kimo cha kipande, ili viwili vikikutana vilingane. Ukitumia katoni, mkato uwe mwembamba kidogo kuliko katoni yenyewe ili ibane, na mifereji iliyo ndani yake isimame wima. Ami alikuwa akipachika vipande viwili, anavipeleka sikioni, anavitikisa. "Kikilia, kimelegea," anasema, na anakitupa.

Wenzangu, tunataka sana kuonekana kwenye maonyesho makubwa, mimi pia nataka, lakini tunakimbilia kukata. Tunaomba faili la mtu, tunabadilisha rangi, tunaliita letu. Mwili wako umepita mahali ambapo wangu haujapita. Wewe wa Malindi labda umekulia ufukweni ukifuatwa na watalii, au kwenye nyumba ya watu kumi na wawili, na chaki yako itachora kitu ambacho mimi siwezi kukibuni. Pima kwanza. Pima na mtu unayemwamini, kisha na usiyemzoea sana, na usione haya kama alama zimetofautiana.

Kwa hiyo tafuta chaki leo, mdogo wangu. Nitumie picha ya sakafu ikiwa na mistari minane, uniandikie ni nani aliyekujia. Plaiwudi tutaizungumza baadaye, na nauli ya kwenda kwa ami nitakusaidia.