Maswali ya Historia: Nyuki wa Raskazone, Mkate wa Paris na Mkonge Wetu

Maswali yaliyonifikia hapa Tanga mwezi huu ni mengi kuliko nafasi niliyopewa, kwa hiyo nimechagua sita, na nimepunguza maneno ya waulizaji bila kugeuza maana yao.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Wazee wa huku kwetu husema kwamba mwaka 1914 Waingereza walishindwa Tanga na nyuki. Ni kweli, au ni mazungumzo ya barazani tu? (Kijana, Chumbageni)

JIBU: Marahaba. Nyuki walikuwapo, na waliuma kwelikweli. Lakini kuwapa ushindi wote ni kuwadhulumu wengine waliostahili sifa, na pia ni kuwasitiri wale walioiharibu kazi yao wenyewe. Jeshi la Waingereza lililotumwa kutoka India chini ya Jenerali Arthur Aitken lilikuwa na watu wapatao 8,000, na tarehe 2 Novemba 1914 manowari ya Fox ikatokea mbele ya bandari yetu. Badala ya kuwashusha wanajeshi kimya kimya, nahodha wa manowari hiyo alikuja kwanza kuwaarifu wakuu wa mji kwamba makubaliano ya kutoushambulia yamevunjwa, na kuwataka wasalimu amri. Kisha muda mwingi ukapotea katika kutafuta mabomu ya baharini ambayo hayakuwamo. Adui aliyebishiwa hodi namna hiyo hawezi kulaumiwa kwa kujiandaa. Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani waliotutawala wakati ule, aliwaleta askari wake, ambao wengi wao walikuwa Waafrika, kwa reli ya Usambara iliyokuwa imefika Moshi miaka michache tu kabla ya hapo, na usiku wa kuamkia tarehe 4 yeye mwenyewe alipanda baiskeli akaenda Raskazone, rasi ya mji wetu, kuwachungulia wageni. Jeshi lake lote lilikuwa na watu kama 1,000.

Mapigano makubwa yalifanyika siku hiyo ya tarehe 4. Wanajeshi wengi wa Kihindi walikuwa wamekaa melini zaidi ya majuma mawili, wakisumbuliwa na bahari, na baadhi yao walipewa bunduki ambazo hawakuwa wamezizoea; wakaingizwa katika mashamba na vichaka ambamo mtu hakuweza kumwona mwenzake. Hapo ndipo risasi zilipoipasua mizinga iliyotundikwa mitini (nasema mizinga ya asali, si ya baruti). Nyuki hawakumwuliza mtu anatumikia jeshi gani, kwani waliwauma wa pande zote mbili, ingawa kikosi kimoja cha Kihindi kiliumwa vibaya zaidi na kikarudi nyuma kwa fujo. Maneno yaliyoenea baadaye, kwamba Wajerumani waliitega mizinga ile kwa nyaya, ni uvumi wa watu waliokuwa wakitafuta pa kuificha aibu. Waingereza walipoondoka walikuwa na watu zaidi ya 800 waliouawa au kujeruhiwa, wakati upande wa pili hawakufika 200, na ufukweni waliacha mamia ya bunduki, bunduki za rashasha, na risasi zipatazo nusu milioni. Mimi nikiulizwa ni nani aliyeshinda vita vya Tanga, hutaja garimoshi kabla ya nyuki.

SWALI: Binti yangu wa kidato cha kwanza amebishana na mwenzake. Je, mapiramidi ya Misri yalijengwa na watumwa? (Mama, Makorora)

JIBU: Jibu la sasa ni kwamba hapana, ingawa haina maana kwamba waliojenga walikuwa watu huru wa kuondoka watakapo. Herodotus, mwanahistoria wa Ugiriki, aliandika juu ya watu 100,000 waliofanya kazi kwa zamu, lakini yeye alifika Misri miaka zaidi ya 2,000 baada ya piramidi la mfalme Khufu kukamilika, kwa hiyo alisimulia aliyosimuliwa. Ushahidi mzuri zaidi umetoka ardhini. Karibu na Giza, mahali yalipo mapiramidi hayo, umechimbuliwa mji wa wafanyakazi wenye majiko ya kuokea mikate, ghala, na mifupa mingi ya ng'ombe, kondoo na mbuzi, pamoja na makaburi ya wafanyakazi yaliyojengwa jirani na kaburi la mfalme wao, heshima ambayo mtumwa asingepewa. Mwaka 2013, huko Wadi al-Jarf katika pwani ya Bahari ya Shamu, zilipatikana karatasi za mafunjo zenye maandishi ya kazi ya msimamizi mmoja aitwaye Merer, ambaye aliongoza watu kama 40 waliosafirisha mawe ya chokaa kwa mashua kutoka machimbo ya Tura hadi Giza. Ni daftari la kazi lenye umri wa miaka ipatayo 4,500: leo tumepakia, leo tumesafiri, leo tumelala mahali fulani. Sijui maandishi mengine ya kale yanayonipendeza kuliko hayo.

Ukitaka kumweleza binti yako kwa neno la kwetu, mwambie ulikuwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, ila msaragambo wa mfalme, ambao mtu hutumwa barua ya kuuitikia na si ya kuombwa.

SWALI: Ni kweli kwamba Mapinduzi ya Ufaransa yalianza kwa sababu malkia aliwaambia wenye njaa wale keki? (Mwokaji mikate, Ngamiani)

JIBU: Kwa mwokaji nitajibu kwa urefu. Maneno hayo hayakutoka kwa malkia huyo, Marie Antoinette. Mwandishi Jean-Jacques Rousseau aliyaandika kuwa ni ya binti mkubwa wa kifalme asiyemtaja jina, na wakati anaandika Marie Antoinette alikuwa bado mtoto huko Austria. Hata hicho kilichotajwa si keki, bali ni mkate laini wa siagi na mayai.

Lakini waliomzulia maneno hawakukosea kuhusu jambo lenyewe, kwa kuwa mkate ulikuwamo ndani ya mapinduzi yale tangu mwanzo. Serikali ya Louis wa 16 ilikuwa imezama katika madeni, yakiwamo ya kuisaidia Marekani kupigana na Uingereza, hata riba peke yake ikawa inameza karibu nusu ya mapato, na watu wenye mali nyingi zaidi, yaani makabaila na wakuu wa kanisa, walikuwa wamesamehewa kodi nyingi. Hilo ndilo lililomlazimisha mfalme kuliita Mei 1789 baraza ambalo halikuwa limekutana tangu 1614. Wakati huohuo mavuno ya 1788 yalikuwa mabaya, na tarehe 13 Julai ya mwaka huo ilinyesha mvua ya mawe iliyoharibu mashamba mengi kuzunguka Paris. Mapema mwaka 1789 mkate wa karibu kilo mbili uliuzwa mjini humo kwa sou 14 na nusu, na kibarua alilipwa sou 20 hadi 30 kwa siku. Wewe unayeuza mikate unajua maana ya mteja ambaye nusu ya mshahara wake wa siku inaishia kwako: hakupendi, hata kama bei ya unga hukuipanga wewe.

Watu walipoivamia Bastille, ngome iliyokuwa gereza mjini Paris, tarehe 14 Julai walikuwa wakitafuta baruti, na wafungwa waliowakuta humo walikuwa saba tu. Tukio ambalo mimi naliona kubwa zaidi ni la tarehe 5 Oktoba, wakati maelfu ya wanawake, wengi wao kutoka masokoni, walipokwenda kwa miguu hadi Versailles kwenye mvua kudai mkate, na siku ya pili wakarudi Paris pamoja na mfalme, malkia na mwana wao, huku wakiwaita mwokaji, mke wa mwokaji na mtoto wa mwokaji. Baada ya siku hiyo mfalme hakurudi tena kuishi Versailles.

SWALI: Kwa nini Mapinduzi ya Oktoba ya Urusi huadhimishwa Novemba? (Mwanafunzi, Korogwe)

JIBU: Kwa sababu Urusi ilikuwa bado inatumia kalenda ya Julius, iliyokuwa nyuma ya kalenda yetu kwa siku 13. Tarehe 25 Oktoba 1917 kwao ilikuwa 7 Novemba kwetu. Walipobadilisha, siku iliyofuata 31 Januari 1918 ikawa 14 Februari.

SWALI: Baba yangu alikuwa manamba wa mkonge, na alizoea kusema kwamba Wajapani ndio waliotutajirishia mabwana. Alikuwa na maana gani? (Mzee, Muheza)

JIBU: Mzee wangu, marehemu alikuwa anajua siasa za dunia kuliko wengi waliokaa ofisini. Mkonge wenyewe ni mgeni hapa: Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, aliuagiza mwaka 1893, ukiwa umetoka Yucatán nchini Meksiko kupitia Florida, na katika miche 1,000 iliyotumwa iliyofika hai ni 62 tu. Mashamba yote ya Tanga na Pangani yana asili katika hiyo iliyopona.

Sasa kuhusu Wajapani. Kamba imara za meli zilikuwa zikitengenezwa kwa nyuzi za mgomba wa Manila, huko Ufilipino, na mkonge mwingine ulitoka Java. Mwaka 1942 Japani ilizikalia nchi zote mbili, na Uingereza na Marekani, zilizokuwa na meli nyingi baharini na wakulima waliohitaji kamba za kufungia mavuno, zikabaki kutegemea singa za Afrika Mashariki. Serikali ya kikoloni ikafikia kuwakamata watu kwa sheria na kuwapeleka mashambani, kwa hoja kwamba mkonge ni mahitaji ya vita. Vita vya Korea vilipoanza 1950 bei ikapanda tena. Aliyeshika panga kwenye mistari hakuona sehemu kubwa ya fedha hiyo. Mwaka 1964 uzalishaji wetu ulifikia tani 230,000 hivi, nchi yetu ikiwa ya kwanza duniani, kisha nyuzi za plastiki zikaja kufanya kile ambacho manowari za Japani hazikukifanya.

SWALI: Babu mzaa babu yangu alichukuliwa na Waingereza kubeba mizigo katika Vita vya Kwanza na hakurudi. Nimetembelea makaburi ya vita hapa Tanga, sikuliona jina lake. Nitalipata wapi? (Dada, Mabawa)

JIBU: Pole, dada yangu. Waingereza walichukua wapagazi wapatao milioni moja katika vita hivyo, kutoka nchi mbalimbali za ukanda huu, kwa sababu mbung'o waliua wanyama wa mizigo na barabara hazikuwapo. Wapagazi zaidi ya 90,000 walikufa kwa hesabu za Waingereza wenyewe, wengi wao kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Majina ya Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi yametokana na jina la Kiingereza la kikosi chao, Carrier Corps. Kwenye Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam, iliyosimamishwa mwaka 1927, wanatajwa kuwa miguu na mikono ya jeshi, lakini wanatajwa kwa jumla, bila jina hata moja.

Hilo halikutokea kwa kusahau. Aprili 2021, Tume ya Jumuiya ya Madola ya Makaburi ya Vita ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba maofisa wa wakati ule ndio walioamua hivyo. Tume hiyo inaendelea kutafuta majina, kwa hiyo iandikie. Lakini kabla ya barua hiyo nenda kwa bibi yako, ukiwa na kalamu, umwulize jina la babu pamoja na jina la baba yake, kijiji alichochukuliwa, jumbe aliyemtoa, na kama alipewa namba, maana wapagazi wengi waliandikishwa kwa namba.