Muulize Mwalimu wa Jiografia: ramani, kopo la mvua na jua la Kigoma

Maswali ya mwezi huu yamekuja mengi kuliko nafasi, nimechagua manne. Wengine msininunie, zamu yenu inakuja.

Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha tatu Morogoro. Topiki zingine za jiografia naenda nazo vizuri ila ramani inanimaliza kabisa, hasa kontua, ile mistari yenye namba za urefu wa ardhi. Mwalimu anasema hapa ni bonde, hapa ni mlima, mimi naona mistari tu. Nifanyeje?

Marahaba mwanangu. Unaona mistari tu kwa sababu hujawahi kuona inatoka wapi, umeletewa imeshachorwa. Kwa hiyo leo jioni omba kiazi mviringo kikubwa jikoni, kikate katikati, nusu moja ilaze kwenye beseni, upande bapa chini. Huo ndo mlima wako. Kabla hujafanya kingine chukua kisu uchimbe mfereji upande mmoja, kutoka karibu na kilele mpaka chini, huo ni bonde la mto. Sasa mimina maji kidogo tu, kama nusu ya upana wa kidole, maji yakitulia kwaruza kwa ncha ya bikari kuzunguka kiazi chote pale maji yalipoishia, halafu ongeza maji kiasi kilekile ukwaruze tena, endelea hivohivo mpaka kilele kizame. Mwaga maji, simama, kiangalie kiazi kutokea juu, jicho moja limefumba. Hiyo ndo ramani yenyewe.

Angalia pale ulipochimba mfereji: kila mstari ukifika pale umejikunja, na ncha ya mkunjo inaelekea kileleni. Ndo maana kwenye pepa ukikuta kontua zimefanya V na ncha inaangalia kwenye namba kubwa, hilo ni bonde, na ncha ikiangalia namba ndogo ni mgongo wa mlima unaoshuka. Upande ambao kiazi kina mteremko mkali mistari imebanana, upande uliolala imeachana. Ukishakwaruza kwa mkono wako mwenyewe hutahitaji kukariri, na nakwambia kweli nimeona wanafunzi wanakariri hiyo V miaka minne halafu kwenye chumba cha mtihani wanaigeuza.

Kuhusu gridi, ile miraba ya kutajia mahali kwenye ramani. Ramani nyingi mnazopewa ni za skeli ya 1:50,000, yaani sentimita 2 za ramani ni kilomita 1 ya ardhini, kwa hiyo kila kiboksi cha gridi kina upande wa sentimita 2. Watu wanakadiria kwa macho wakati rula ipo mkononi! Sentimita 2 ni milimita 20, igawe kwa kumi, kila sehemu ni milimita 2. Shule ikiwa milimita 8 kulia kwa mstari wa 35 hiyo ni sehemu ya 4, unaandika 354, na ikiwa milimita 14 juu ya mstari wa 82 hiyo ni sehemu ya 7, unaandika 827, jibu ni 354827. Anza na namba za chini kwanza, za pembeni zinafuata, usigeuze. Na ukikokotoa gradienti, yaani ukali wa mteremko, hakikisha juu na chini ni mita kwa mita: tofauti ya urefu mita 200, umbali kwenye ramani sentimita 8 ambazo ni kilomita 4, yaani mita 4,000, unapata 1:20. Anayesahau kubadilisha kilomita anapata mteremko ambao hata mbuzi hapandi.

Mwalimu mwenzangu, nafundisha shule ya kata mkoani Rukwa. Sina tufe, sina chati, ramani iliyopo imechanika, darasa lina watoto wengi na Kiingereza kwao ni shida. Topiki ya hali ya hewa nafundisha kwa mdomo tu na wanalala. Nisaidie.

Pole sana mwenzangu. Tufe sitakudanganya, litafute. Ila hali ya hewa haihitaji bajeti, anza na kopo la kupimia mvua. Tafuta chupa ya maji ya lita moja na nusu, iliyonyooka isiyo na mikunjo mingi, kata juu pale inapoanza kubana, geuza kile kipande kikae kama faneli. Chini chupa haiko bapa, kwa hiyo weka kokoto na maji kidogo mpaka usawa unyooke, hapo chora sifuri yako, na kutoka hapo bandika rula. Ifukie nusu isije ikaangushwa na upepo, mbali na paa na miti, umbali angalau mara mbili ya urefu wa mti. Kila siku saa 3 asubuhi, muda uleule wanaosoma wenzetu wa vituo vya hali ya hewa, mwanafunzi wa zamu anasoma milimita, anaandika kwenye daftari la darasa, anamwaga na kurudishia maji mpaka kwenye sifuri.

Faida yake hutaiona wiki ya kwanza. Msimu wenu wa mvua huko ni mmoja mrefu, kuanzia kama Novemba mpaka Aprili, sio vuli na masika kama wenzenu wa pwani, na watoto wataliona hilo kwenye daftari lao wenyewe. Halafu ukifika topiki ya takwimu huna haja ya kubuni namba, grafu ya nguzo unachora kwa mvua yenu. Na wape swali hili: milimita 1 kwenye mita moja ya mraba ni lita 1, sasa paa la darasa la mita 8 kwa 7 likipata mvua ya milimita 20 linamwaga lita ngapi? Ni lita 1,120. Subiri uone watakavyoanza kumuuliza mkuu wa shule habari za tenki.

Kiingereza: kitu kwanza, Kiswahili chao kifuate, istilahi ya Kiingereza mwisho, lakini iwepo na waiandike, maana pepa la kidato cha nne linakuja kwa Kiingereza na huruma yako haitaingia nao ndani.

Mwalimu naomba unisuluhishe. Mimi ni wa Kigoma, binamu yangu yuko Dar. Ramadhani anatuma meseji kashafuturu wakati huku jua bado lipo. Anasema saa zetu zinachelewa. Kwani si nchi moja?

Nchi moja, saa moja, jua tofauti. Dunia inazunguka nyuzi 360 kwa masaa 24, ni nyuzi 15 kwa saa, au dakika 4 kwa kila nyuzi. Dar iko longitudo kama ya 39 na Kigoma iko karibu na 30, zidisha tofauti hiyo kwa 4 unapata dakika 36, karibu 40 hivi. Kwa hiyo binamu yako akila tende, we vumilia, adhana ya redio ya Dar sio yako.

Tena saa ya nchi nzima tunaisoma kwa longitudo ya 45 mashariki, ambayo haipiti hata kwenye ardhi yetu. Ndo maana kwenu Kigoma jua linafika katikati ya anga kwenye saa saba mchana hivi, sio saa sita. Simamisha kijiti uwanjani ufuatilie kivuli, kikiwa kifupi kuliko vyote angalia saa. Ila kwenye mtihani geuza kwanza masaa yetu ya Kiswahili kuwa ya pepa ndo ukokotoe, saa saba yetu ya mchana ni 13:00, watu wanapoteza maksi hapo bure.

Mwanangu kafaulu, anataka mchepuo wenye jiografia. Baba yake anasema ni somo la kuishia ualimu. Mama, Tanga.

Mama, ualimu wenyewe una ubaya gani, mimi si ndo umenilisha? Lakini mwambie baba hivi: sensa ya 2022 iliyotuhesabu watu 61,741,120, kabla ya karani hata mmoja kugonga hodi kuna watu walitenga maeneo ya kuhesabia kwenye ramani. Ile Ramani Huria ya Dar, iliyochora mitaa inayofurika maji kama Tandale, ilifanywa na wanafunzi wa vyuo vikuu pamoja na wananchi wa mitaa hiyohiyo. Kuna upimaji, mipango miji, hali ya hewa.

Kitu cha kuangalia ni jiografia inaenda na somo gani. Hesabu zake zikiwa nzuri EGM (uchumi, jiografia, hesabu) au PGM (fizikia, jiografia, hesabu) zinamfungulia milango mingi, akipenda sayansi ya viumbe kuna CBG (kemia, baiolojia, jiografia), na HGL (historia, jiografia, Kiingereza) sio mbaya ila njia za kiufundi zinapungua. Angalieni maksi zake za hesabu kabla ya kugombana.

Maswali ya mwezi ujao tuma mapema, na mkiniuliza mambo ya ramani niambieni skeli.