Sinema za zamani za maharamia: kwangu mimi ni ule mgawo

Mkuu, umeuliza kwa nini watu wazima bado wanatazama sinema za maharamia za miaka ya 1930 hadi 1950, wakati leo kompyuta inakutengenezea bahari nzima na dhoruba yake. Wengi hapo juu wamejibu mapanga na hazina. Mimi nasema ni mgawo wa mapato.

Nimekulia Mikindani, pwani ya kusini mwa Tanzania. Mjomba wangu alikuwa baharia wa jahazi, wakipakia chumvi na nazi. Siku moja wakipandisha foromali, ile boriti inayobeba tanga, henza, yaani kamba ya kuipandishia, ilimnasa mkono na vidole viwili vikakatika. Mwenye chombo alimpa nauli ya kurudi nyumbani, hakumpa kingine. Baadaye alipata kazi kwenye meli, akarudi na deki ya video na mikanda kadhaa. Mmoja ulikuwa Captain Blood ya 1935, aliyocheza Errol Flynn.

Kisa chenyewe ni cha daktari anayeishi Uingereza, mwaka 1685. Anamtibu mwasi aliyejeruhiwa, naye anahukumiwa kama mwasi, anasafirishwa hadi Jamaica na kupigwa mnada kwa pauni kumi. Sisi tuliokaa sakafuni tulikuwa watoto wa Mikindani, mji ambao watumwa walipakiwa majahazini pale pale tunapoogelea. Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa mnada ni nini. Wafungwa wale wanateka meli ya Wahispania na kutoroka, halafu wanakaa chini na kuandikiana mkataba: nyara zigawanywe vipi, na atakayepoteza kiungo vitani alipwe kiasi gani.

Hapo mjomba alisimamisha mkanda. Akarudisha nyuma. Akatutafsiria tena, polepole, mkono wake mbovu ukiwa juu ya goti.

Nilidhani ni uzushi wa sinema mpaka nilipokuja kusoma kuhusu Exquemelin, aliyesafiri na maharamia wa Karibiani na kuandika kitabu mwaka 1678. Anataja viwango: mkono wa kulia riale 600 za Kihispania, wa kushoto 500, jicho 100, na kidole sawa na jicho. Kwa hiyo mjomba angelipwa 200. Lakini Exquemelin anaongeza kwamba badala ya hizo 100 mtu angeweza kupewa mtumwa mmoja. Sentensi hiyo iliniuma na bado inaniuma. Maharamia wa kweli walijua haki ya kidole cha mwenzao, na papo hapo binadamu mwingine walimfanya malipo. Sinema hazikuonyeshi hilo, na ni vizuri ulijue kabla hujawapenda watu hawa kupita kiasi.

Hata hivyo ile hamu ya mgawo wa haki ni ya kweli, na ndiyo inayozibeba sinema hizi. Nenda ufukweni alfajiri vyombo vya uvuvi vinaporudi: gharama ya mafuta ikishatolewa, kuna fungu la chombo, la mashine, la nyavu, kinachobaki ndicho cha mabaharia. Ugomvi wote wa pwani uko hapo. Mtu aliyewahi kulisubiri fungu lake haelezwi kwa nini watu wanashangilia meli ambayo wafanyakazi wake wamejiandikia mkataba wenyewe.

Jambo la pili ni kazi ya mikono. Katika The Crimson Pirate ya 1952, Burt Lancaster na Nick Cravat wanaruka na kuning'inia kwenye kamba, na unaona uzito wa mwili, kwa sababu wote wawili walitoka kwenye sarakasi kabla ya sinema. Mtu aliyepanda mlingoti anaijua kamba iliyobeba mtu na ile isiyobeba kitu. Sinema nyingi za sasa zinanipoteza hapo hapo.

Against All Flags, ya 1952 pia, inaweka maharamia wake Madagascar, ng'ambo yetu kabisa, na bandarini humo watu wa pwani yetu huwaoni. Naipenda kidogo kuliko nyingine.

Kwa anayeanza, aanze na Captain Blood. Mkanda wa mjomba ulishaharibika, nimemtafutia nakala kwenye flashi. Akifika pale kwenye mkataba bado anaomba rimoti.