Kufanya xv ifungue picha za JPEG na PNG kwenye Linux
Mkuu, xv haionekani kwenye ile menyu ya "fungua na" kwa sababu ni programu ya zamani ya kutazama picha na haina faili lake la .desktop (faili linaloitambulisha programu kwa deskitopu), kwa hiyo litengeneze mwenyewe tu, fungua ~/.local/share/applications/xv.desktop uandike hivi:

[Desktop Entry]
Type=Application
Name=xv
Exec=xv %f
MimeType=image/jpeg;image/png;

Hiyo %f usiisahau, ndo inabeba jina la picha, bila hiyo programu inaweza kufunguka tupu. Halafu kwenye terminali piga xdg-mime default xv.desktop image/jpeg image/png ili xv iwe ndo ya kufungua picha za aina hizo, ukitaka kuhakikisha piga xdg-mime query default image/jpeg, ikijibu xv.desktop basi imekubali. Kwa programu za ndani ya terminali kama vim (ya kuhariri maandishi) ongeza Terminal=true kwenye faili lake la .desktop, ingawa kwenye deskitopu zingine hiyo inasumbuaga kidogo