VPN yasema Uholanzi, brauza yasema Tanzania

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nimeachana na mume wangu aliyeko Tabora, sasa naishi kwa dada yangu hapa Mwanga, Kigoma. Kila mara ananitumia linki na kuniambia "nitakupata tu". Kijana wa steshenari aliniwekea VPN, ile programu ya kuficha unakotokea mtandaoni, kwenye laptop. Juzi nikafungua tovuti ya kupima anwani ya IP, yaani namba inayokitambulisha kifaa mtandaoni. Juu imeandika niko Uholanzi, lakini chini, palipoandikwa WebRTC, ikatokea anwani nyingine yenye jina la mtandao wa laini yangu. Hii VPN ni feki? Na huyu mtu anaweza kunifikia kwa anwani hiyo?
Msomaji, Mwanga

JIBU: Pole sana, dada yangu. Nianze na hilo la mwisho, maana ndilo linalokunyima usingizi. Anwani ya IP peke yake haimpeleki mtu mlangoni kwa dada yako. Nimepima leo kwa laini ya simu nikiwa hapa Ujiji, na ramani imeniweka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka nilipokaa. Anachopata ni nchi, jina la mtandao wako, na pengine mji, tena mara nyingi si wenyewe. Lakini anapata jambo jingine: anajua linki zake unazifungua, na saa unayozifungua. Kwa hiyo usizifungue kabisa.

VPN yako si feki. WebRTC ni kifaa kilichomo ndani ya brauza ili watu wapigiane simu za video bila kuweka programu ya ziada. Kompyuta mbili zikitaka kuongea moja kwa moja, kila moja lazima ijue anwani zake, basi brauza inaiuliza seva iitwayo STUN: unaniona natokea wapi? Swali hilo likipita nje ya njia ya VPN, jibu linarudi na anwani yako halisi, na ukurasa uliofungua unaweza kuisoma bila kukuomba ruhusa. Jambo hili si geni. Daniel Roesler aliweka mfano wake hadharani mwaka 2015. Itazame pia anwani yenyewe iliyovuja. Kama ni ndefu, yenye herufi na nukta pacha nyingi, hiyo ni IPv6, aina mpya ya anwani za IP, na huenda VPN yako inabeba IPv4 tu, ile aina ya zamani. Hapo tafuta VPN inayobeba zote mbili, au zima IPv6 kwenye mipangilio ya mtandao ya laptop.

Kuziba ni kazi ndogo. Kwenye Firefox, andika about:config pale juu unapoandika jina la tovuti, kubali onyo, tafuta media.peerconnection.enabled, kisha ubonyeze mpaka true igeuke false. Simu za video hazitafanya kazi tena kwenye Firefox hiyo, kwa hiyo weka brauza nyingine kwa ajili ya mikutano tu. Ukitumia Brave, ingia Privacy and security, tafuta WebRTC IP handling policy, uchague Disable non-proxied UDP. Chrome haina swichi ya kuzima WebRTC. Kwa hali yako ningeiacha. Ukimaliza, funga brauza, washa VPN, upime tena kwenye tovuti ileile. Usimwamini fundi yeyote, hata mimi, kabla hujaona kwa macho yako kwamba ile anwani ya chini imetoweka.

Sasa simu, na hapa ndipo ninapokuhofia zaidi. Simu ya WhatsApp ya watu wawili inaweza kwenda moja kwa moja kati ya vifaa vyenu, na kifaa chake kikaipata IP yako. Ingia mipangilio, faragha, halafu sehemu ya mwisho ya mambo ya ziada, uwashe kulinda anwani ya IP unapopiga au kupokea simu. Sauti inaweza kupungua ubora kidogo, vumilia. Tovuti yoyote ikikuomba ruhusa ya kujua mahali ulipo, kataa, kwa sababu GPS haifichwi na VPN, nayo ndiyo inayofika hadi kwenye nyumba. Na kama akaunti yako ya Google aliwahi kuijua au ipo kwenye simu iliyobaki kwake, badilisha nywila leo na uviondoe vifaa vyote usivyovitambua. Hili lifanye kabla ya hayo ya brauza.

Kuhusu VPN yenyewe, Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, ilitangaza kwamba wanaoitumia watoe taarifa zake kwao. Ulizia utaratibu.

Jumbe zake za vitisho usizifute. Zipige picha za skrini, tarehe na namba vionekane, uzipeleke Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Ukihofia kwenda peke yako, nenda na dada yako.