Barua ya ukaguzi wa HUD mlangoni: jibu kwa mama aliyeuliza kama watafukuzwa

Mama, kwanza tulia. Umeeleza kwamba barua imebandikwa mlangoni ikisema watu wa serikali watakuja kukagua apatimenti zenu, meneja amewatisha kwamba atakayesababisha jengo lianguke kwenye ukaguzi atahama, na majirani wanapanga kwenda kulala kwa ndugu siku hiyo. Mimi ni fundi wa matengenezo kwenye apatimenti za ruzuku hapa Kentucky. Kazi ya kuandaa majengo kwa ukaguzi huu ndiyo kazi yangu, na wapangaji wetu wengi ni Wakongo na Warundi, kwa hiyo hofu yenu naifahamu vizuri.

Anayekaguliwa ni mwenye jengo. Wizara ya nyumba ya Marekani, yaani HUD, inamlipa sehemu ya kodi yenu, na kwa pesa hiyo inamdai nyumba iliyo salama. Mkaguzi haji kuuliza hati za uhamiaji. Hapekui mali zako, wala hakukatii alama kwa sababu ya vyombo ambavyo havijaoshwa. Anatazama kuta, umeme, maji, milango, madirisha, joto, na vitu vinavyoweza kuwaua usiku mkiwa mmelala.

Meneja ana wasiwasi kwa sababu jengo zima linapewa alama kati ya 0 na 100, na likipata chini ya 60 limeanguka. Likipata 90 au zaidi, mkaguzi anarudi baada ya miaka 3. Chini ya 80, anarudi kila mwaka. Tena tangu 2023 kuna utaratibu mpya uitwao NSPIRE, ambao unaipa nyumba mnamoishi uzito mkubwa kuliko nyasi na maegesho ya magari. Zamani ofisi ilipaka rangi ngazi na kupanda maua ikaona imemaliza. Sasa lazima waingie ndani kwenu, na hilo ni jambo jema kwenu.

Kwenda kulala kwa ndugu hakusaidii. Nyumba za kukaguliwa huchaguliwa kwa bahati nasibu, na ofisi ina funguo. Ni bora mtu mzima anayeelewa Kiingereza kidogo awepo, aonyeshe kasoro iliyojificha nyuma ya sofa.

Sasa jambo ambalo nalisisitiza kuliko yote: kengele ya moshi. Najua ukikaanga samaki inalia hadi watoto wanakimbia, na watu wanaifunga mfuko wa plastiki au wanatoa betri. Tafadhali msifanye hivyo, ukaguzi uwepo au usiwepo. Bonyeza kitufe chake. Isipolia, piga simu ofisini siku hiyo hiyo. Mkaguzi akikuta haifanyi kazi, mwenye jengo ana saa 24 tu kuirekebisha, kwa sababu inahesabiwa kuwa hatari kwa maisha. Ikiwa inalia kila mnapopika, omba fundi aangalie mahali ilipofungwa na feni ya jikoni. Na kama nyumba inatumia gesi, tangu tarehe 27 Desemba 2022 sheria inataka iwe pia na kengele ya kaboni monoksidi. Hewa hiyo haina harufu. Ndiyo maana nawasihi: jiko la makaa, ile babula yetu, lisiwashwe ndani hata kama baridi ni kali na joto limekatika. Joto likikatika ni wajibu wa ofisi.

Baada ya hapo, tazama njia za kutokea. Kitanda kilichoegemezwa kwenye dirisha la chumba cha kulala, au magunia ya unga nyuma ya mlango, huhesabiwa kuwa kuziba njia ya kukimbilia moto. Kile chumba kidogo chenye tangi la maji moto la gesi msikigeuze stoo: nguo, masanduku na makaratasi yakae mbali nalo angalau futi 3. Haya ndiyo machache yaliyo mikononi mwenu.

Yaliyobaki ni ya ofisi: soketi iliyopasuka, bomba linalovuja chini ya sinki, ukungu bafuni, rangi inayobanduka, jiko ambalo upande mmoja hauwaki, mende. Kuhusu mende nina uchungu, maana mara nyingi nimesikia wapangaji wakilaumiwa kwa uchafu wakati wadudu wanapita ukutani kutoka nyumba hadi nyumba. Mpangaji mmoja hawezi kuwamaliza kwa dawa ya dukani. Jengo zima linahitaji kupulizwa.

Kwa hiyo andikeni maombi ya matengenezo leo, msingoje mkaguzi. Andika tarehe, eleza kasoro, piga picha, baki na nakala. Ukisema kwa mdomo tu, kesho mtu anaweza kudai uliharibu wewe. Ni kweli ukivunja kitu mwenyewe wanaweza kukutoza, lakini uchakavu wa kawaida si deni lako. Ikiwa mna chama cha wapangaji, kinaweza kupendekeza nyumba nyingine hadi 5 zikaguliwe. Haziingii kwenye alama za jengo, ila kasoro zake lazima zirekebishwe.

Na lile tishio la meneja: jengo kupata alama mbaya si sababu ya kumtoa mpangaji. Kufukuza mtu kunahitaji kosa lililo ndani ya mkataba, notisi ya maandishi na mahakama. Akikuletea karatasi usaini, usisaini usichokielewa. Ipeleke kwa mhudumu wa shirika lililowapokea au kwa mawakili wa msaada wa kisheria, ambao hawatozi watu wa kipato kidogo.

Piga picha ya barua yenyewe, ufute jina na namba ya nyumba, uiweke hapa. Nitakusomea mstari kwa mstari nikwambie siku gani wanakuja na wanataka nini.