Dada, lala kwanza

Pole sana dada yangu. Umesema Jumatano kwaya, Ijumaa mkesha, Jumamosi usafi wa kanisa, Jumapili unafundisha watoto halafu jioni kikao cha kamati, na ukikosa siku moja unajiona umemkosea Mungu. Mi nilikua hivohivo, mpaka siku moja nikasinzia nimesimama kwenye mstari wa sauti ya pili, mwenzangu akanifinya ndo nashtuka wimbo umeisha zamani, watu wakacheka, mi nikaenda kulia chooni.

Soma Marko 6:31, wanafunzi walikua hata nafasi ya kula hawana na Yesu hakuwaambia kazeni, aliwaambia njooni faragha mpumzike kidogo. Na Eliya alivochoka mpaka anaomba kufa (1 Wafalme 19) malaika hakumletea semina jamani, alimletea mkate na maji, akala akalala tena.

Ongea na mchungaji wiki hii hii, achia kitu kimoja, mi ningeanza na kamati maana vile vikao haviishagi, na Jumatatu zima simu kabisa coz yale magrupu ya wasapu ya kanisa nayo ni huduma nyingine. Watoto wa sandei skuli watapata mwalimu wa zamu.